Kilomita moja, siku tatu: mtaa wa al-Muizz, Cairo

Nimerudi wiki ya tatu sasa na kila siku nasema kesho nitaandika, mpaka mdogo wangu kanitumia meseji ya kunisuta, "dada, wewe si ulisema utaandika?" Haya. Nimekaa na noti za kwenye simu (nusu yake sizielewi mwenyewe, kuna mahali nimeandika "mlango kanisa!! uliza" basi) na picha mia sita na ushee, nimezipanga siku kwa siku nilivyoweza. Watu wengi wanaokwenda Misri wanakwenda kwa ajili ya piramidi. Mie nilikwenda kumuona mdogo wangu anayesoma chuo cha Azhar, na nikajikuta siku tatu kati ya sita naishia kwenye mtaa mmoja tu, wa kilomita moja na kidogo.

Siku ya kwanza, Jumamosi 18 Januari

Ndege ilikuwa iondoke Dar saa kumi alfajiri, ikaondoka saa kumi na mbili na nusu, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulikaa chini kama tuko stendi. Mama mmoja aliyekuwa anampeleka mumewe kwenye matibabu akafungua hotpoti yake akatugawia vitumbua, hatumjui hatujui, kila mtu kimoja kimoja mpaka hotpoti ikaisha, mumewe anamwangalia tu.

Saa za kule majira ya baridi ziko nyuma yetu kwa lisaa limoja, tulitua kama saa tano asubuhi kwa saa zao. Baridi! Mtoto wa Tanga mie nimevaa kijisweta cha mtumba nikidhani nimejiandaa. Mdogo wangu alikuwa nje na koti la ziada mkononi, kasema "nilijua tu".

Teksi wa pale nje kaanzia paundi 600. Mdogo wangu kaanza kubishana naye kwa Kiarabu cha vitabuni, kile cha fasaha wanachofundishwa chuoni, dereva akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote halafu akacheka mpaka akashika boneti, ni kama mtu aje Kariakoo aombe punguzo kwa lugha ya tenzi. Tukaishia 350. Baadaye nikaona kwenye app ya teksi ingekuwa 230.

Kwa mtakaokwenda: kipindi kile paundi moja ilikuwa kama shilingi hamsini za Tanzania, kwa hiyo hesabu ni rahisi, mia yao ni buku tano yetu. Viza niliomba mapema ubalozini, usiende kubahatisha. Na weka app ya teksi kabla hujatoka uwanjani, intaneti ikigoma ndani toka nje kidogo.

Nilifikia gesti moja karibu na msikiti wa Hussein, paundi 900 kwa usiku na chai ya asubuhi humo humo, lifti ya zamani ya milango ya chuma unaifunga mwenyewe kwa mkono. Kwa mdogo wangu sikuweza kulala, yuko Madinatul Bu'uth kule Abbasiya, mji wa wanafunzi wa kigeni wa Azhar, wako wa kutoka kila pembe na Waswahili hawakosekani, ila wanawake hatuingii. Usiku tukala koshari, paundi 55 sahani kubwa: wali, makaroni, tambi, adesi, dengu, kitunguu cha kukaanga juu, halafu sosi ya nyanya na siki yenye kitunguu saumu. Wali na makaroni sahani moja, mama angesema hawa watu wamechanganyikiwa. Nilimaliza.

Siku ya pili, Jumapili 19: upande wa kaskazini

Watu wengi wanaingilia mtaa katikati kwa sababu ndiko soko la Khan el-Khalili liko, wanageuka kushoto kulia wanapiga picha wanarudi. Nawashauri msifanye hivyo. Anzeni mlangoni. Kama uko mbali shuka metro stesheni ya Bab el Shaaria halafu tembea, sie tulikuwa jirani tukakata kwa nyuma kupitia Gamaliya, uchochoro wenye magereji, mafundi wa maboksi na paka, mpaka ukatokea Bab al-Nasr. Hapo toka nje ya ukuta kabisa, fuata ukuta, halafu ingia tena kwa Bab al-Futuh. Ukiingia hivyo unaelewa kwamba Cairo hii ilikuwa boma. Jemadari Jawhar aliuanzisha mji mwaka 969 kwa ajili ya bwana wake, khalifa al-Muizz wa ukoo wa Wafatimiyya, ambaye alihama kutoka Tunisia akaja nao mpaka majeneza ya wazee wake. Mtaa una jina lake mpaka leo. Ila kuta hizi za mawe si zake, ni za waziri Badr al-Jamali, mtu wa asili ya Armenia, milango hii miwili ya kaskazini ni ya 1087. Kwenye minara kuna maandishi ya Kifaransa, askari wa Napoleon walipokuja 1798 wakaipa minara majina ya maofisa wao wakayachonga kwenye jiwe. Mdogo wangu kasema kumbe hata wao walikuwa wanaandika "Juma was here".

Ukiingia tu Bab al-Futuh, mkono wa kushoto kuna msikiti wa khalifa al-Hakim. Ulianza kujengwa 990, ukaisha 1013. Uwanja wake wa ndani ni marumaru nyeupe tupu, inang'aa mpaka unakunja uso, na unavua viatu kwa hiyo soksi zinakuwa kama unatembea kwenye friji. Watoto wanateleza kwa soksi kutoka ukuta huu mpaka ule na hakuna anayewafukuza, wazee wamekaa kwenye nguzo, wengine wamelala kabisa. Nikakaa na mie.

Tulikuwa tunabishana, mie nataka kupiga picha birika la katikati yeye anasema kwanza tuswali, nikasikia nyuma yangu, "Wanangu, mwatoka wapi?" Kiswahili! Nageuka, mama wa Kibohora, mtu mzima, amevaa rida ya kijani mpauko ina lesi nyeupe, kakaa na wenzake kama wanane. Nikamwambia Dar, ila kwetu Tanga. Akapiga paja. "Mie Mombasa, Old Town, Tanga n'na jamaa zangu chungu nzima." Ikawa ndugu wamekutana. Kumbe wao Mabohora msikiti huu ni kama kwao, al-Hakim ni imamu wao wa 16, na ndio jumuiya yao iliyoufufua, kwanza ukafunguliwa 1980 na tena juzi juzi 2023. Kabla ya hapo ulishakuwa jela ya mateka wa Kizungu, zizi la farasi, ngome ya Wafaransa, ghala, skuli. Mama kasema marehemu mumewe aliuona kabla haujatengenezwa, "alisema hapa palikuwa gofu". Kafungua mkoba akatoa mfuko wa chevda, ile yenyewe yenye karanga na majani ya mchuzi, kaja nayo kutoka Mombasa maana chakula cha hoteli kinamchosha. "Chukueni, mna njaa nyie." Nilikataa mara moja kwa adabu, mara ya pili nikachukua. Tumekula chevda kwenye ngazi za nje ya msikiti wa mwaka 1013 na nilitamani mama yangu anione.

Huyo al-Hakim mwenyewe lakini! Mdogo wangu kanisimulia tukitembea: katika vitu alivyopiga marufuku ni mlenda. Mlenda, jamani, molokhia wanayoila Wamisri kila wiki. Akawakataza na mafundi viatu wasishone viatu vya kike ili wanawake wasitoke nje. Mwaka 1021 katoka usiku kwenda milima ya Muqattam na punda wake, hakuonekana tena. Mchana tukaagiza molokhia na kuku makusudi, paundi 140 ya watu wawili, kwenye kihoteli cha meza nne. Mwenye hoteli kauliza kama mie Msudani (nimeulizwa hivyo siku zote sita), nikamwambia Tanzania, akaleta bakuli la pili la mlenda bure. Mlenda ni mlenda tu, ila wao wanaukatakata mpaka unakuwa kama supu na kitunguu saumu kinanukia mpaka barabarani.

Baada ya hapo msikiti wa al-Aqmar. Ni mdogo, unaweza kuupita. Simama. Umejengwa 1125, na jina ni la mbalamwezi, kina Kamaria mtajuana. Uso wake wa mawe umechongwa kama kombe la baharini, mistari inatoka katikati inatawanyika kama miale, na katikati pale kuna duara yenye majina ya Muhammad na Ali. Kilichonishika ni kitu kingine. Barabara inakwenda upande wake na kibla kiko upande wake, sasa fundi afanye nini? Uso kaufuatisha barabara, ndani kakufuatisha kibla, na ile tofauti kaificha kwenye unene wa ukuta, kwa hiyo ukuta wa mbele upande mmoja ni mwembamba na upande wa pili ni mnene kabisa. Mlinzi alipoona nimesimama naupima kwa mikono alikuja akanionyesha mwenyewe, akaingia kwenye pembe akanyoosha mkono mzima, akahamia pembe ya pili akanyoosha tena. Sikumuelewa neno hata moja nikaelewa kila kitu. Hakuomba hela, na hili naliandika kwa sababu wapo watakaoomba.

Jioni Bayt al-Suhaymi, kwenye kichochoro cha Darb al-Asfar. Nyumba ya tajiri, 1648, ikaongezwa 1796, jina limetokana na sheikh wa Azhar aliyeishi humo baadaye. Hapa ndipo niliiona mashrabiya kwa karibu. Zile dirisha za mbao zilizotokeza nje, kwa mbali unaona kama lesi. Ukisogea unakuta ni vijiti vidogo, kila kimoja kimekerezwa peke yake, kina kitumbo katikati na ulimi huku na huku, ulimi unaingia kwenye tundu la mwenzake. Nimetafuta msumari sikuuona. Mtu wa ndani anaona nje, wa nje haoni ndani, upepo unapita. Na jina lenyewe ni la kunywa, shurbu, sharubati, maana hapo walikuwa wanaweka mitungi ya maji ipigwe na upepo ipoe. Bibi yangu Tanga alikuwa na mtungi wake karibu na dirisha hivyo hivyo na kata juu, sikuwahi kujiuliza kwa nini dirishani.

Siku ya tatu, Jumatatu 20: katikati

Ful na taamiya asubuhi, yaani maharage na bajia, mikate miwili paundi 30, simama kando ya mkokoteni kula kama wengine. Taamiya yao ni ya maharage ya ful, kijani ndani.

Sasa balaa. Majengo makubwa ya katikati yana tiketi moja ya pamoja, unanunua pale kwenye majengo ya sultani Qalawun, kwa mgeni kipindi kile ilikuwa zaidi ya paundi mia mbili, ila KASHI HAWAPOKEI. Kadi tu. Nimetoa kadi yangu, ya benki moja ya nyumbani ambayo niliwapigia wiki nzima kabla na wakanihakikishia imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Imekataliwa. Tena. Imekataliwa. Nyuma foleni ya Wachina. Nimeanza kutoka jasho na baridi ile. Basi kuna mzee mmoja wa Kimisri, kavaa suti ya kahawia iliyopauka, kaja na wajukuu zake wawili, kauliza kuna nini, mdogo wangu kamweleza kwa fasaha yake, mzee akasikiliza akatabasamu akatoa kadi yake akalipa ya kwangu. Nikampa kashi, akazihesabu akanirudishia paundi ishirini, "chai". Nikakataa, akaniwekea mkononi akafunga vidole vyangu. Mgeni anampa mwenyeji au mwenyeji anampa mgeni, mie sijui, nilibaki na noti ya ishirini mkononi kama mtoto wa Idi.

Kwa mtakaokwenda: nendeni na kadi mbili za benki tofauti, na mzijaribu kulipia kitu kidogo siku ya kwanza. Wanafunzi wenye kitambulisho wanalipa nusu.

Qalawun. Hapa nikae kidogo. Alikuwa mtumwa, mmoja wa wale Mamluki waliokuja kuitawala Misri, na ndiyo maana yenyewe ya neno hilo, mtu anayemilikiwa. Alinunuliwa kwa dinari 1,000, bei ya kutisha, watu wakamwita al-Alfi, yaani wa elfu, elfu hii hii yetu. Akaja kuwa sultani, na 1284 akaanza kujenga hapa chuo, kaburi lake na hospitali, yote matatu yakaisha kwa miezi kumi na mitatu. Kaburi lina giza, halafu macho yakizoea unaona vioo vya rangi huko juu, na nguzo nne za mawe mekundu nene kushinda mtu, dari ya dhahabu, kimya. Lakini mie kilichoniingia ni hospitali, ambayo sehemu kubwa haipo tena. Ilikuwa wakfu. Maskini, tajiri, mwanamke, mwanaume, wote wanatibiwa bure, na mali za kuiendesha zilishawekwa pembeni, maduka na mabafu ambayo kodi yake inakwenda kwa wagonjwa. Na mpaka leo kwenye kiwanja kile kile kuna hospitali ya macho. Tuliona watu wametoka na bandeji jichoni wanapita katikati ya watalii wanaojipiga selfi.

Pembeni ndiyo ile "mlango kanisa!! uliza". Chuo cha an-Nasir Muhammad, mtoto wa Qalawun, kina mlango wa marumaru ambao hauendani na chochote, nguzo nyembamba nyembamba, tao lililochongoka, wa Kizungu kabisa. Ni mlango wa kanisa la mji wa Akka, Waislamu walipoiteka kutoka kwa askari wa msalaba mwaka 1291 waliung'oa wakaubeba mpaka Cairo. Fikiria kuubeba.

Mbele yake upande wa pili ni kwa sultani as-Salih Ayyub, ambapo 1250 mkewe, Shajar al-Durr, alimjengea kaburi mumewe. Mwanamke huyu aliificha maiti ya sultani mpaka vita na Wafaransa vikakaa sawa, halafu akatawala mwenyewe, kama siku themanini, kabla hawajamlazimisha kumwachia utawala mume mpya, Aybak. Mwisho wake mbaya: akamuua Aybak, na yeye inasimuliwa aliuawa bafuni na vijakazi wa mke mwenza kwa kupigwa mitalawanda. Mitalawanda! Usiku tukala Umm Ali, mkate wa tabaka tabaka na maziwa moto, lozi, zabibu, paundi 60, na mhudumu akatuambia hiyo Umm Ali ndiye huyo mke mwenza, aligawa pudini mji mzima kusherehekea. Hadithi za watu, lakini nilikula taratibu zaidi.

Panda kidogo kaskazini tena mpaka mtaa unapogawanyika, hapo kati kama pua ya meli kuna sabil ya Abd al-Rahman Katkhuda, 1744. Chini dirisha za chuma ambapo mpita njia alikuwa anapewa maji bure, juu yake chuo cha watoto kusoma Qur'ani. Maji chini, chuo juu, na zipo nyingi mtaa mzima, nilihesabu nikaacha. Mdogo wangu ndiye kanifungua, kasema dada, si ndiyo kusabilia? Mtu akitoa kitu moja kwa moja hadai tena tunasema kakisabilia. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote, bibi alisabilia shamba la msikiti, na sikuwahi kujua kuna mahali limejengwa kwa mawe. Ndani kuna vigae vya bluu vimechorwa Maka.

Kabla ya kurudi nikanunua sinia. Eneo la mbele ya Qalawun ndio Nahhasin, mafundi shaba, wengi sasa wanauza vitu vya mashine, sikiliza nyundo ndiyo utampata fundi. Nilimkuta kijana kakaa chini, sinia limelala kwenye mapaja juu ya gunia, kidole kidogo kashika tindo, kinyundo chake kama cha kuchezea. Haanzii pembeni. Kaweka bikari katikati, kapiga duara tatu, akaanza nyota kutoka ndani, tik tik tik bila penseli, na kila baada ya mapigo kama kumi anapuliza unga wa shaba. Nilikaa nusu saa, kanisogezea kigoda kwa mguu bila kuinua macho. Kaniambia 1,800, tukamaliza 1,300 na chai ya mnanaa mbili ndani. Najua nimepigwa. Sijali.

Siku ya nne, Jumanne 21

Mvua ya rasharasha asubuhi na Cairo nzima ikasimama, halafu Giza. Ni makubwa kweli, ngamia wanachosha, sina la kuongeza.

Siku ya tano, Jumatano 22: upande wa kusini

Barabara ya al-Azhar inaukata mtaa vipande viwili, pita chini kwenye njia ya waenda kwa miguu, usijaribu kuvuka juu. Ng'ambo watalii wanapungua ghafla. Ni soko sasa: magodoro, nguo za ndani, mapazia, vitambaa vya bibi harusi, mabunda vichwani, "balak balak!" (yaani jihadhari), pikipiki zinapita na watu watatu. Mie nilijisikia Kariakoo, ndipo nilipoupenda mtaa kikweli, kule kaskazini panapendeza ila pamefagiliwa mno.

Majengo mawili yanayotazamana unapoingia ni ya sultani al-Ghuri, miaka ya 1503 mpaka 1505, msikiti huku, kaburi huku. Kaburi halina mwenyewe. Alikwenda kupigana na Waturuki Marj Dabiq 1516, akafa huko, maiti haikuonekana. Jirani kuna mahali bado wanatengeneza tarbushi, tofia zetu zile za wazee wa mjini, wanazibana kwenye kalibu za shaba kubwa zinazotoa mvuke.

Nilipotea hapa. Mdogo wangu alikuwa na mtihani, nikaenda peke yangu, simu ikazima chaji. Mwanamke muuza mapazia aliniona napita mara ya tatu, kanivuta dukani, kachomeka simu yangu, kanipa kiti na chungwa, na tukakaa kama lisaa tunaelewana kwa maneno ya vitambaa: hariri, katani, zari. Alishangaa nilivyoyajua. Simu ilipofika asilimia arobaini kanisindikiza mpaka naiona minara.

Minara hiyo ni ya msikiti wa al-Muayyad, imepandishwa juu ya lango la Bab Zuweila la 1092 lenyewe. Al-Muayyad kabla hajawa sultani alifungwa jela hapo hapo, chawa na viroboto wakamtafuna, akaweka nadhiri akitoka na kutawala ataivunja jela ajenge msikiti. Akatoka, akatawala, akaanza 1415. Lango ndipo walipokuwa wananyongea watu, Tuman Bay sultani wa mwisho wa Mamluki alinyongwa hapa na Waturuki 1517, wanasema kamba ilikatika mara mbili. Kupanda mnara kuna tiketi nyingine, kadi tena, safari hii ya kwangu ikakubali, sijui ilikuwa na nini. Ngazi ni za mzunguko, giza, ukikutana na anayeshuka mmoja anarudi nyuma. Juu nilifika na adhana ya alasiri. Haianzi pamoja. Mmoja anatangulia, wa pili anadaka, mpaka ikawa huwezi kutenganisha, na mtaa wote umelala chini yako mpaka kule kaskazini nilikoanzia Jumapili, kwa miguu ni nusu saa.

Nilishuka na kiu. Nje ya lango, kabla ya kuingia kwa washona mahema wa Khayamiya, kuna friji la maji la chuma limefungwa ukutani, bomba mbili, kikombe cha bati kimefungwa kwa mnyororo, na kibao: sadaka jariya, jina la marehemu, muombeeni. Kabla yangu kanywa mbeba magodoro, akasuuza kikombe akanishikia bomba.

Kwa mtakaokwenda: usiku wa Jumatano kwenye wikala ya al-Ghuri, nyumba ya kale ya wafanyabiashara, kuna wale wanaozunguka na masketi ya rangi, tanoura, fika mapema viti vinaisha. Wanawake bebeni mtandio kila siku, viatu vya kuvua haraka, na chenji ndogo za choo. Jumapili maduka mengi ya Khan yamefungwa.

Siku ya sita, Alhamisi 23

Uwanjani mzigo umezidi kilo mbili na nusu, sinia ndilo. Nimetoa koti nikalivaa juu ya koti, viatu nimebadilisha vizito, bado robo, dada wa kaunta kaniangalia akasema "pita". Koti la pili lilikuwa la mdogo wangu, bado ninalo.

Jumamosi iliyofuata nikalipeleka sinia Tanga. Mama kaligeuza, kaligonga kwa kucha kusikia kama ni shaba kweli, kalipeleka dirishani akatazama ile nyota muda mrefu. Halafu kasema, "Zuri. Na kulisugua atalisugua nani?"